Joram Heche na Mbuzi wa Februari

Ndugu waombolezaji, kamati ya mazishi iliniomba mimi, Mwalimu Scholastica, dada yake marehemu, niandike wasifu wa ukurasa mmoja usio na maneno mengi. Nimefundisha shule ya msingi miaka thelathini na mmoja, na ninajua ukurasa mmoja unamtosha nani. Unamtosha mtu ambaye hakuwa mbishi. Kwa hiyo ratiba mliyoshika ina kurasa nne, na mwenye malalamiko anitafute baada ya maziko.

Marehemu Joram Heche alizaliwa Machochwe, ambako sasa ni wilaya ya Serengeti, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Heche na Mama Waisiko. Cheti chake cha ubatizo kinasema tarehe 3 Aprili 1952. Kitambulisho cha mpiga kura kinasema tarehe 1 Julai, kama cha nusu ya wanaume wa kata hii, utadhani mama zetu wote walipatana kujifungua siku moja. Marehemu alipoulizwa ipi ni ya kweli alijibu kwamba siku hiyo hakuwa na kalenda. Tumeandika ya ubatizo.

Alianza shule mwaka 1960, shule ya kanisa. Mwaka 1963, akiwa darasa la nne, aliugua homa, magoti na viwiko vikavimba, akakaa nyumbani miezi mingi akinywa mizizi. Alipona, ila tangu hapo akipanda mlima alikuwa anasimama katikati akijifanya anaangalia mandhari. Naomba ugonjwa huo mkae nao kichwani, maana tutaurudia. Aliporejea darasani alikuja na kitoto cha mbuzi ndani ya shati, kwa sababu mama yake mbuzi huyo alikuwa amekufa na nyumbani hakuna aliyekuwa na muda wa kukinywesha. Mwalimu alimtaka achague kati ya mbuzi na shule. Mimi ni mwalimu na ninauliza mpaka leo: mwalimu gani huuliza swali la namna hiyo kabla hajajua jibu? Marehemu alibeba mbuzi wake akaenda nyumbani, na huo ndio ukawa mwisho wa elimu yake ya darasani.

Mwaka 1974 aliajiriwa jikoni katika kambi ya watalii karibu na lango la Ikoma, akawa mchoma nyama. Alifanya kazi hiyo miaka mingi, na wageni walimpenda ingawa hakujua lugha yao na wao hawakujua yake. Tarehe 9 Septemba 1978 alimwoa Bhoke, binti wa hapa hapa Machochwe, kwa ng'ombe wa mahari waliotoka na kanisani kwa ibada. Mama Bhoke ndiye pekee aliyeweza kumwambia marehemu neno mara moja likaingia. Sisi wengine tulirudia.

Mwaka 2009 dhahabu ilitoka kwenye mashamba ya watu upande wa Nyamongo, wilaya ya Tarime, na rashi, yaani mbio za kukimbilia dhahabu, ikaanza. Mnakumbuka. Wanaume waliacha mihogo ardhini, mafundi wakaacha nyumba bila paa, na mimi katika mwaka wangu wa mwisho kazini nilibaki na darasa la sita la wasichana tu. Marehemu hakuchimba. Alisema mtu anayeponda mawe mchana kutwa atataka nyama jioni, awe amepata au amekosa. Akaacha kazi ya kambini, akawa ananunua mbuzi Machochwe na Ikoma, hata mnadani Sirari, mpakani na Kenya, na kuwapeleka kwa wachoma nyama wa machimboni. Kila mbuzi alimjua kwa sura, na mama yake, na bibi yake. Majina ya wajukuu wake aliyachanganya kila siku. Ya mbuzi hakukosea hata mara moja.

Sasa ndiyo tunafika kwenye mambo yaliyonifanya niombe karatasi zaidi.

Tarehe 12 Februari 2011 marehemu alikuwa Sirari, akauziwa mbuzi jike wengi kwa mkupuo na rafiki yake Olima, mfanyabiashara mwenye ndugu huku na ndugu Kenya. Mbuzi hao walikuwa wanene na bei yao ilikuwa ya kutupa. Mtoto wa mfugaji anajua kwamba mbuzi jike mwenye afya hauzwi bei ya kuku. Marehemu naye alijua. Lakini ilikuwa wakati wa rashi, kila mtu alikuwa ameota bahati, na yeye akaona hiyo ndiyo yake. Hakuwapeleka kuchinjwa. Aliwaleta nyumbani wazae.

Mwezi wa Mei 2011 mbuzi walianza kutupa mimba. Waliozaa, vitoto vyao vilikuwa dhaifu, vingi vikafa. Boma zima likasema ni zebaki, inatoka kwenye mialo ya kuoshea dhahabu na kuingia kwenye maji. Hapa kwetu hakuna mwalo. Mialo iko mbali, tena upande wa chini, na maji hayapandi mlima. Nilisema hivyo. Niliambiwa mwalimu anajua chaki. Marehemu akahamisha mbuzi kwenye kisima kingine, na kule nako wakaendelea kutupa.

Tarehe 17 Desemba 2011 mwanawe Nelson alimwoa Gati, binti wa Nyamwaga, Tarime. Wengi wenu mlicheza kwenye harusi ile. Gati aliingia boma hili na mikono myepesi. Mbuzi akizaa kwa shida yeye ndiye aliyeitwa, na yeye ndiye aliyeosha, aliyefuta vitoto, aliyetoa kondo la nyuma. Nimemwomba ruhusa kusema yanayofuata, amenipa. Septemba 2012 mimba yake ya kwanza iliharibika. Juni 2013 ikaharibika ya pili.

Hapo ndipo kaka yetu mkubwa, Mzee Mwikwabe, ambaye leo amekaa mbele kwenye kiti cha plastiki kama anavyostahili, alipotoa hukumu yake.

"Mwanamke huyu mikono yake haibakizi kitu," alisema. "Ameshika mbuzi, mbuzi wametupa. Ameshika tumbo lake, nalo limetupa. Arudi kwao, na ng'ombe wetu warudi."

Marehemu hakukubali Gati arudishwe, lakini alimkataza kukanyaga zizini. Alimwambia mbele ya watu, "Kaa jikoni, mwanangu. Mkosi wako usiniguse mbuzi." Akaanza kuwazalisha yeye mwenyewe, mikono mitupu, na kondo akawarushia mbwa. Mbuzi walitupa vile vile. Mnisamehe, nimelia sana kwa ajili ya kaka yangu wiki hii, lakini kwa hilo bado nina hasira naye.

Agosti mwaka huo huo akashikwa na homa, kichwa kikimuuma nyuma ya macho, na jasho la kulowesha shuka. Alikwenda zahanati moja ambayo sitaitaja. Kipimo kilisema hana malaria. Wakampa dawa ya malaria, kwa sababu ndiyo iliyokuwepo. Akapata nafuu, akaanguka tena, wakasema taifodi. Akapata nafuu, akaanguka, wakarudi kwenye malaria. Alimeza dawa zile mpaka mbu wenyewe wangemwonea huruma. Kila mara nilimwambia aende hospitali kubwa. Alijibu kwamba hospitali kubwa ndiko watu wanakofia.

Februari 2014 ilifika timu ya watafiti wakiongozwa na Daktari Beryl Atieno, daktari wa mifugo. Walikuwa wanapima damu za mbuzi, kondoo na ng'ombe, na pia za watu wa boma hilo hilo, kwa sababu kuna ugonjwa unaotoka kwa mnyama kwenda kwa mtu na ukipima upande mmoja unaona nusu. Marehemu aliwasimamisha kwenye uzio.

"Damu ya mbuzi wangu mnaipeleka wapi?"

"Maabara, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Maabara gani inataka na damu yangu? Nyie mnapeleka kwenye maduara, kwenye mashimo ya wachimbaji. Mnamwagia dhahabu itoke."

Msicheke. Wakati ule kila kitu kilisemekana kinatafuta dhahabu, hata sindano. Daktari Beryl alieleza, akaeleza tena. Nelson akaongeza sauti kumuunga mkono baba yake. Ndipo Gati akatoka jikoni, akapita katikati ya wanaume hao, akanyoosha mkono wake kwa daktari.

"Nitolee mimi," alisema. "Mimi si ndiye mwenye mkosi? Basi mwangalie huo mkosi uko wapi."

Marehemu alikaa kwenye gogo, akavua kofia, na mwishowe akasema, "Haya, chukueni na mbuzi." Yeye mwenyewe hakutoa damu siku hiyo. Sikio la kufa halisikii dawa.

Majibu yalirudi mwezi wa Juni. Mbuzi wengi wa boma hili walikuwa na alama za ugonjwa unaoitwa homa ya Q, na damu ya Gati ilionyesha kwamba naye alikwisha kuambukizwa. Daktari Beryl aliketi hapa uani akaeleza taratibu. Vijidudu vyake hujaa kwenye kondo la nyuma na maji ya uzazi ya mnyama, hukauka, huchanganyika na vumbi la zizi, na mtu huvivuta kwa pumzi. Maziwa mabichi nayo yanaweza kuvibeba. Mnyama anaweza kuonekana mzima kabisa. Mtu hupata homa inayofanana na malaria, kwa hiyo hutibiwa malaria.

Marehemu aliuliza, "Homa gani inaitwa kwa herufi ambayo Kiswahili hakina?"

"Ndiyo maana haikujulikana hapa kwenu, mzee," alisema Daktari Beryl. "Lakini ilikuwepo."

Hapo akakubali kupimwa. Walimtoa damu, na baada ya wiki chache wakamtoa tena ili walinganishe, kisha wakampeleka Mwanza. Huko walikuta ugonjwa umekaa moyoni, kwenye vali. Daktari wa Mwanza alimuuliza kama utotoni aliwahi kuvimba viungo. Ule ugonjwa wa darasa la nne, niliowaomba mkae nao kichwani, ndio uliokuwa umeacha kovu kwenye moyo wake, na homa hii hupenda moyo wenye kovu. Alianzishiwa dawa za kumeza kwa muda mrefu sana. Alizimeza zote bila kukosa, na ninataka hilo lijulikane. Alikuwa mbishi mpaka alipoelewa. Akishaelewa, ubishi wake wote aliugeuzia upande wa pili.

Maana Septemba 2014, akiwa hana pumzi ya kutoka hapa mpaka kwenye lango, alipanda gari la watafiti akaanza kuwafuata mbuzi. Daktari Beryl alitaka kujua ugonjwa uliingiaje. Mbuzi hawa hawakuwa na namba masikioni, lakini walikuwa na marehemu. Alikwenda maboma ya Machochwe na Ikoma alikowahi kuuza au kubadilishana, akaonyesha kwa kidole: huyu ni mjukuu wa yule mwekundu wa Sirari, huyu sio, huyu mama yake ni yule mwenye pembe moja. Walioitwa wa ukoo wa Sirari walipopimwa wengi walikutwa na alama. Kati ya wale wengine, wachache tu walikuwa nazo. Ndipo akasema twende Sirari kwa Olima.

Olima alimkaribisha chai. Marehemu hakukaa.

"Wale mbuzi wa Februari, uliwatoa wapi?"

"Omera, ndugu yangu, ni miaka mitatu sasa. Ni mbuzi gani hao?"

"Nilikuuliza siku ile kwa nini ni rahisi."

"Na mimi nikakwambia ni bahati yako," alisema Olima, na akaanza kuangalia chini. Hakuwa mtu mbaya. Aliwapeleka mwenyewe kwa mama mmoja mzee, mjane, karibu na mpaka, na yule mama hakuficha kitu. Mbuzi wake walikuwa wameanza kutupa tangu mwaka 2010. Hakujua ni nini. Akaona auze kabla hawajamwishia. Daktari Beryl aliwapima waliobaki, na ugonjwa ulikuwepo.

Marehemu alirudi nyumbani siku hiyo akamwita Gati uani, mbele yangu na mbele ya Mama Bhoke. Aliongea akivuta pumzi kila baada ya maneno machache.

"Mwanangu, mkosi niliuleta mimi. Niliufunga kamba nikauswaga kutoka Sirari. Wewe ulikuta umeshafika."

Gati alimletea maji, na hakurudi jikoni mpaka mzee alipomaliza kuyanywa.

Mtu mwema angeridhika na hapo. Marehemu hakuridhika. Alisema alimfedhehesha Gati mbele ya watu, kwa hiyo lazima amsafishe mbele ya watu. Aliitisha kikao cha ukoo mwezi wa Novemba. Kaka Mwikwabe akasema yuko msibani. Aliitisha Desemba. Ukawa msimu wa tohara, nani akae kikao? Aliitisha Januari. Mvua ikanyesha, na wazee wa ukoo huu, ambao wamelala porini na simba, wakaogopa kulowa. Kaka yangu Joram aliyatunza maneno yale ya kumsafisha Gati kifuani miezi mitatu, kifua ambacho hakikuwa na nafasi. Tarehe 9 Machi 2015, alfajiri, moyo wake ulishindwa, akafariki hospitalini akiwa na umri wa miaka sitini na miwili. Kikao hakikukaa.

Sasa ninasikia kikao kimepatikana. Kimepangwa Alhamisi, mara tu baada ya matanga, na ajenda yake ni Gati kurudishwa kwao. Kwa kifo cha mzee, wanasema, mkosi umekamilika. Mvua za Machi zinanyesha na hakuna aliyeogopa kulowa.

Ndugu zangu, nimeomba kurasa nne ili marehemu akae kikao chake leo. Mbuzi wale walinunuliwa Februari 2011. Walianza kutupa mimba Mei 2011. Gati aliolewa Desemba 2011. Februari na Mei huja kabla ya Desemba. Hilo nilikuwa ninalifundisha darasa la pili, na baadhi ya wazee waliopanga kikao cha Alhamisi niliwafundishia watoto wao, waliofaulu. Daktari Beryl ni mtu mwangalifu, hakuapa kwamba homa hii ndiyo iliyochukua mimba za Gati. Alisema inaweza. Ila kwamba Gati aliileta, hilo alisema haiwezekani, na marehemu alitumia pumzi zake za mwisho kulihakikisha kwa miguu na kwa macho yake.

Na mjue jambo jingine. Gati ni mjamzito wa miezi saba. Anatumia dawa aliyopewa na daktari, mtoto anacheza. Anayetaka kumpandisha pikipiki kwenda Nyamwaga katika hali hiyo aniambie mimi kwanza.

Kamati ilipoona rasimu ya ratiba hii ililiondoa jina la Gati katika orodha ya wafiwa. Mchapaji wa pale Bomani, kijana Opondo, alikuwa mwanafunzi wangu. Nimelirudisha.

Marehemu ameacha mjane, Mama Bhoke, ambaye amepimwa. Ameacha watoto watatu: Nelson, aliyepimwa baada ya kuvutwa shati na mkewe, Waisiko wa Mugumu, aliyepimwa, na Heche mdogo wa machimboni, ambaye amesema kwenye simu kwamba atapimwa akipata nafasi, na kwa kuwa leo yupo hapa, nafasi ameipata. Ameacha dada mmoja, mimi, niliyepimwa nikakutwa mzima wa kila kitu isipokuwa uvumilivu. Ameacha kaka mmoja, Mzee Mwikwabe, ambaye hajapimwa. Ameacha wajukuu, ambao sasa wataitwa kwa majina yao sahihi na watasikitika. Ameacha mbuzi, ambao hawatagawanywa wala kuuzwa mpaka Daktari Beryl, aliyekaa kule mwisho wa turubai na kikasha chake, amalize kuwatazama. Mpaka hapo maziwa yachemshwe, kondo lifukiwe, na anayezalisha mbuzi avae glavu. Hayo ni maagizo ya marehemu, si yangu.

Na ameacha mkwe wake, Gati, mke wa Nelson, wa kwanza katika boma hili kunyoosha mkono.

Kaka Joram, umefika kusiko na homa. Mungu akupe pumzi uliyoitafuta mlimani tangu darasa la nne, na akulaze kwa amani. Mashada ya maua yataanza kuwekwa sasa. Atatangulia Mama Bhoke, na nyuma yake Gati, kama marehemu alivyotuagiza. Kaka Mwikwabe, shikamoo. Kiti chako kimekaa njiani. Tafadhali sogea kidogo, mtoto wetu apite.